Factory haikumiliki nyimbo

Mwaka 1982, lebo ndogo ya muziki ya Manchester, Uingereza, Factory Records, ilifungua ukumbi wa dansi, Haçienda, kwa fedha zake na za bendi yake kubwa, New Order. Mwaka uliofuata New Order wakatoa Blue Monday, santuri iliyouzwa mno, lakini jalada lake la matundu lilikuwa ghali hata, yasemekana, kila nakala ya mwanzo ikala hasara. Factory ilipenda mbwembwe: hata paka wa ukumbini alipewa namba katika orodha ya matoleo ya lebo, 191.

Mwishoni mwa muongo ukumbi ulifurika, ila vijana walimeza vidonge vya kulevya vya ekstasi na kunywa maji. Baa ikadoda, madeni yakapanda. Mwaka 1992 London Records ilipotaka kuinunua Factory, ikabainika kuwa nyimbo ni mali ya wanamuziki wenyewe. Mazungumzo yakavunjika, na Novemba Factory ikafilisika.

Mmoja wa waanzilishi wake, Tony Wilson, husemwa kwamba hesabu zilimshinda. Kweli zilimshinda. Lakini New Order waliondoka na nyimbo zao mkononi, na wasanii wangapi wa kampuni kubwa za wakati ule waliweza kusema hivyo?