Mionzi Baada ya Upasuaji wa Titi: Majuma Matano au Matatu?



Mgonjwa wa saratani ya matiti akishaondolewa titi, huenda daktari akapendekeza tiba ya mionzi ili kuua chembechembe za saratani zilizobaki kifuani. Kwa miaka mingi ratiba imekuwa vipindi 25, siku tano kwa juma, majuma matano. Kipindi chenyewe ni dakika chache. Kinachomlemea anayetoka mbali ni nauli, malazi, kibanda cha biashara kilichofungwa na watoto walioachiwa jirani. Wapo wanaokatiza tiba kwa ajili hiyo, na ugonjwa ukapata nafasi ya kurudi.

Ipo ratiba fupi: vipindi 15 au 16, takriban majuma matatu. Dozi ya kila siku huwa kubwa kidogo, lakini jumla yake ni ndogo. Wagonjwa wengi wamekwisha kutibiwa hivyo. Hofu ilibaki kwa waliotengenezewa titi kwa kipandikizi, kwa mfano cha silikoni, kwa sababu mionzi yaweza kukaza kovu linalokizunguka, titi likawa gumu, likauma au likapoteza umbo.

Utafiti wa FABREC, uliochapishwa mwaka 2024, uliwafuatilia wanawake 400 wa aina hiyo nchini Marekani. Baadhi walipewa vipindi 25, wengine 16. Madhara kifuani yalikuwa karibu sawa kwa makundi yote mawili, na waliokatiza tiba walikuwa wachache zaidi katika ratiba fupi.

Hata hivyo, ratiba fupi haiondoi hatari kwa kipandikizi. Hatari hiyo hutokana na mionzi yenyewe. Kwa hivyo ni vyema maswali yaulizwe kabla ya upasuaji: Je, mionzi itahitajika? Titi litengenezwe sasa, au tiba ikiisha? Ratiba ya majuma matatu inafaa kwa hali hii, na je, hospitali inaitoa?

Daktari wa mionzi ndiye anayepanga idadi ya vipindi. Mgonjwa asijipunguzie mwenyewe. Nauli ikikatika, amweleze muuguzi mapema. Nanyi jamaa, msimwache aende peke yake. Kumsindikiza au kumtunzia watoto ni sehemu ya tiba.