Mtoto Akitaka Kwenda Kusoma Ng'ambo



Yaliyo hapa ni yale tuliyoyasema mkutanoni Jumamosi. Tumeyaandika kwa ajili ya waliokuwa shambani.

Mzazi mwenzetu mmoja ameuza ng'ombe wawili, fedha akampa mtu aliyekuja na mkoba, eti atampeleka binti yake Marekani kusoma sekondari mwaka mzima. Mtu yule haonekani tena. Tumesikitika sana. Lakini msiseme mpango wenyewe ni uongo. Wa kweli upo, na ndiyo maana tukaliwa: yule mtu aliazima jina la kitu cha kweli.

Unaitwa YES. Serikali ya Marekani iliuanzisha mwaka 2002, baada ya yale mashambulio ya Septemba 2001, ili vijana wa nchi zenye Waislamu wengi wajuane na watu wa kule. Vijana wa Tanzania, Bara na Visiwani, wamekwisha kwenda. Kijana hukaa mwaka mmoja wa shule katika nyumba ya wenyeji, husoma na watoto wao, kisha hurudi kwao. Nauli ya ndege, bima na fedha kidogo ya matumizi hulipwa na mpango. Kuomba hakuna ada. Tunarudia, jamani: kuomba hakuna ada. Anayedai hata shilingi ya fomu mleteni ofisini tumwone uso.

Mzee mmoja aliuliza wenyeji wale wanalipwa nini. Hawalipwi. Wanajitolea chumba na chakula, kama sisi tunavyomkaribisha mtoto wa ndugu anayekaa mbali na shule. Akina mama waliguna hapo.

Kijana huandika insha, hupimwa Kiingereza, huitwa kwenye usaili. Basi wengine wanamwomba mwalimu awaandikie insha! Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani, darasa la jioni, tunajua: barua uliyoandikiwa na mwenzio, ukiulizwa maana yake unabaki unatazama chini. Mtoto aandike mwenyewe, tena aandike ya kwetu, anayoyajua. Kahawa inavyoanikwa. Zamu ya bomba na ugomvi wake. Hayo ndiyo anayokwenda kuwasimulia wenzake kule.

Sasa jambo la aibu. Tuliwaomba wenye watoto sekondari wanyooshe mikono, nani ana cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake. Mikono sita! Bila cheti hakuna pasipoti, na pasipoti hutolewa na Uhamiaji, siyo na mtu wa mkoba. Cheti kinashughulikiwa wilayani, kwa watu wa RITA. Mwenye kadi ya kliniki aitafute darini leo, panya hawangoji. Kwa barua ya kijiji njooni ofisini asubuhi.

Mkuu wa shule naye aambiwe mapema, maana mtoto akirudi huenda akaingia darasa lile lile aliloliacha, na wenzake wamekwisha kupanda. Mzazi alijue hilo kabla ya kutia sahihi.

Binti yule yumo kidato cha pili. Kiingereza chake ni kizuri, na anasema atajaribu mwenyewe, kwa njia ya halali. Baba yake hataki hata kusikia jina la Marekani. Hatumlaumu, ng'ombe wawili si mchezo. Tumemwendea mara mbili, akatupa viti akanyamaza. Jumapili tunakwenda tena.

Katibu