Vokali za Vitone

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitaka mtoto wa Tanzania, akiwa na umri wa miaka 3 hadi 5, apate elimu ya awali kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Wazazi wengi sasa hupita kwenye duka la fotokopi kumchapishia mtoto karatasi za mazoezi: vokali za vitone, embe la kupaka rangi, mistari ya kukata kwa mkasi.

Karatasi hizo zinafaa. Lakini mtoto wa miaka 3 huenda bado anashika penseli kwa kiganja kizima, na hapo ndipo tunapomwonea. Tunamlazimisha kufuata vitone kabla vidole havijapata nguvu. Mwache kwanza afinyange udongo, achambue maharage, achore herufi mchangani.

Kisha keti naye. Kiswahili kimetupa bahati kubwa: a hutamkwa a popote ilipo. Anapofuata vitone vya “ba”, atamke “ba”, na atafute mwenyewe nyumbani vitu vinavyoanza hivyo: bakuli, bahasha, baiskeli ya baba. Karatasi moja kwa siku inatosha, na akichoka, iwekeni kando.