Kusoma Mchoro wa Kumbukumbu za Ardhi ya Kijiji

Mada kwa wakazi wa kata za Handeni na Korogwe



Mkulima anapopeleka maelezo ya shamba lake ofisi ya kijiji, maelezo hayo huandikwa katika daftari la masjala, na pale penye mfumo wa kompyuta huingizwa humo. Kabla kompyuta haijapokea jina hata moja, mtaalamu huwa amekwisha kuchora mchoro unaoonyesha taarifa zipi zitatunzwa na jinsi zinavyohusiana. Mchoro huo huweza kuwa wa ukurasa mmoja tu, lakini ndani yake mna maamuzi yatakayomgusa kila mwenye shamba. Handeni, iliyokuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kujaribiwa urasimishaji wa ardhi vijijini chini ya MKURABITA, ina kila sababu ya kuuelewa.

Mchoro wa namna hii ulielezwa na Peter Chen mwaka 1976. Sanduku husimamia kitu kinachotunziwa taarifa: Kijiji, Kipande cha Ardhi, Mtu. Mstari huunganisha masanduku mawili. Katika uchoraji uliozoeleka leo, mwishoni mwa mstari huwekwa alama: kistari ni “mmoja”, duara dogo ni “si lazima awepo”, na alama iliyopanuka kama mguu wa kunguru ni “wengi”.

Msomaji huanzia sanduku la kwanza, hufuata mstari, husoma alama iliyo karibu na sanduku la pili, kisha hutamka sentensi kamili. Sentensi hiyo ndiyo kanuni. Baadaye hurudi kwa njia ileile, kwa kuwa kila mstari hubeba kanuni mbili.

Uchukuliwe mstari kati ya Kijiji na Kipande. Kwenda: kijiji kimoja huwa na vipande vingi. Kurudi: kila kipande kimo katika kijiji kimoja, na kimoja tu. Basi shamba la mahindi linalokatwa na mpaka wa vijiji viwili litaandikwaje? Mchoro umekwisha kujibu: litakuwa vipande viwili, kila kimoja katika masjala ya kijiji chake.

Mstari wenye uzito zaidi ni ule kati ya Kipande na Mtu. Upande wa Kipande kukiwa na duara na mguu wa kunguru, kanuni ni kwamba mtu aweza kukosa ardhi au kuwa na vipande vingi, kama mkazi mwenye jaruba la mpunga Mombo na shamba la michungwa Mkata. Lakini upande wa Mtu kukiwa na kistari pekee, kanuni husomeka hivi: kila kipande kina mmiliki mmoja tu.

Hapo ndipo penye hatari. Mume na mke waliofyeka pori pamoja na kulilima kwa miaka ishirini watafika masjala, naye karani ataona nafasi ya jina moja. Ataandika la mume. Karani hakukusudia dhuluma. Fomu ilifuata mchoro. Haki ya mke haifutiki kwa kukosa nafasi kwenye fomu, lakini siku mume akifariki, au shamba likitaka kuuzwa, mzigo wa kuithibitisha utamwelemea yeye.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na Hati ya Hakimiliki ya Kimila yaweza kubeba majina zaidi ya moja. Mchoro hauko juu ya sheria. Vikipingana, kinachorekebishwa ni mchoro.

Marekebisho yenyewe si magumu. Kwa kuwa mtu mmoja aweza kuwa na vipande vingi, na kipande kimoja kuwa na watu wengi, huongezwa sanduku la tatu katikati, liitwalo Umiliki. Humo huandikwa nani anamiliki kipi, tangu lini, na kwa namna gani: kwa pamoja bila mgawanyo, au kila mmoja kwa fungu lake. Neno hilo moja huamua ardhi itakwenda kwa nani mmoja wao akifariki.

Ni vema pia kujua mipaka ya mchoro. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na kati yao watatu ni wanawake. Mstari waweza kuonyesha saba. Hauwezi kusema watatu wawe wanawake. Kanuni kama hiyo huandikwa pembeni kwa maneno, na isipoandikwa, mfumo hautaijua.

Kwa hiyo, mfumo mpya wa kumbukumbu unapoletwa mkutanoni, mwananchi aombe mchoro usomwe kwa sauti, sentensi kwa sentensi, kwa Kiswahili. Aulize: Je, kipande kimoja chaweza kuandikwa majina mawili? Mmiliki akifariki, jina lake litafutwa au litahifadhiwa? Kanuni gani hazimo kwenye mchoro, na zimeandikwa wapi?

Kufuta mstari kwenye karatasi ni kazi ya dakika moja. Kuurekebisha baada ya hati kutolewa kijiji kizima ni kazi ya miaka, na huanzia barazani.