Wajumbe wa Tanganyika mbele ya Bunge la Uingereza, 1931

Mwaka 1931 ofisi ya Jimbo la Tanga, ambayo wakati huo ilisimamia pia Wilaya ya Pare, iliachwa na karani wake mkuu. Martin Kayamba alikuwa London. Alifuatana na Mtemi Makwaia wa Usiha, Shinyanga, na Francis Lwamugira wa Bukoba, kutoa maoni mbele ya kamati ya pamoja ya Bunge la Mabwanyenye na Bunge la Makabwela.

Suala lilikuwa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Walowezi wa Kenya walikuwa wameutamani muungano huo kwa miaka, mradi hatamu ziwe mikononi mwao. Watanganyika walijua yaliyowapata majirani zao: ardhi iliyochukuliwa na kipande, kitambulisho cha lazima, kilichoning'inizwa shingoni. Wajumbe wote watatu wakakataa.

Lakini nani aliwatuma? Serikali ya kikoloni yenyewe. Hakuna baraza la Wapare, wala la Wasukuma, lililopiga kura. Bahati ni kwamba Gavana Donald Cameron, aliyekuwa ameondoka karibuni, naye alikuwa mpinzani mkubwa wa muungano, hivyo Kayamba na wenzake hawakulazimika kumkosoa mwajiri. Kwa Wakenya mambo yalikuwa magumu zaidi. Chifu Koinange wa Mbiyu, ingawa aliteuliwa na serikali, alilia na ardhi ya Wakikuyu mbele ya kamati. Jomo Kenyatta na Parmenas Mockerie, waliotumwa na chama chao, hawakuitwa kabisa.

Oktoba 1931 kamati ilitoa uamuzi: wakati wa kuunganisha nchi hizo haujafika. Tusiwape wajumbe sifa zote. Ujerumani na Wahindi wa Afrika Mashariki nao walipinga, na mdororo wa uchumi ulikuwa umeibana dunia nzima.

Zaidi ya miaka kumi baadaye Wapare walishika njia nyingine. Serikali ilipoleta mbiru, kodi iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, wanaume kwa maelfu waliteremka kutoka milimani Januari 1945 na kupiga kambi Same, makao ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni. Huko Usangi wanawake nao waliingia katika mapambano mwaka 1946. Hawakuteuliwa na gavana wala kulipiwa nauli ya meli, na serikali iliiondoa mbiru. Kwa kipimo cha nani anamwakilisha nani, umati wa Same unaishinda safari ya London.

Muungano wenyewe ulirudi kwa mlango wa nyuma: mwaka 1948 Uingereza iliunda Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki, iliyosimamia reli, posta na forodha.

Kayamba aliiandikia safari yake kitabu cha Kiswahili. Wazee wa Same waliondoka bila kuandika. Walimu wa Shighatini, Usangi na Mbaga wanaombwa kukusanya barua, stakabadhi za kodi na simulizi za mbiru zilizobaki majumbani, kabla wajukuu hawajazitupa.