Faili Lililopo na Faili Lile Lile: Unakili wa Mafaili kati ya Rwekubo, Nakivale na Mbarara

Kunakili mafaili kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na kuyaruka yale ambayo tayari yapo upande wa pili, ni kazi inayoonekana nyepesi, lakini ndani yake limo swali ambalo programu nyingi hulijibu kwa kukisia: ni ushahidi gani unaotosha kuonyesha kwamba faili lililopo kule ndilo hili hili? Kati ya Rwekubo, makazi ya wakimbizi ya Nakivale na mji wa Mbarara, nchini Uganda, ambako bando la intaneti hununuliwa kwa kipimo na masomo, nyimbo na filamu husafiri ndani ya flashi na memori kadi, jibu la swali hilo hugusa mfuko wa mtumiaji na pia uzima wa kazi yake.

Ushahidi dhaifu kuliko wote ni jina. Programu inayoruka kila faili lenye jina linalofanana haiwezi kulitambua faili lililokatika umeme ulipozimika. Kipande hicho hubaki na jina kamili, na kila unakili unaofuata hukipita kana kwamba ni faili zima. Kwa sababu hiyo rsync, programu iliyotangazwa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, kwa kawaida huandika faili kwa jina la muda, na hulipa jina lake halisi likishafika lote.

Kanuni ya kawaida ya rsync yenyewe ni kulinganisha ukubwa wa faili na wakati lilipobadilishwa mara ya mwisho, bila kusoma maudhui. Ni kanuni ya haraka na kwa sehemu kubwa inatosha, ila inategemea saa, na Nakivale ni mahali pabaya pa kuziamini saa. Wakazi wake wengi wametoka Kongo ya mashariki, Rwanda na Burundi, na Goma, Kigali na Bujumbura ziko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32, yaani mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili ambao ungali unatumika sana, huandika saa ya mahali bila kutaja ni ya wapi, tena kwa kuruka sekunde mbili mbili.

Tuseme orodha ya wanafunzi imesahihishwa Nakivale saa sita na nusu mchana, na nakala yake nyingine ikasahihishwa Goma saa sita kamili kwa saa za huko, ambayo Uganda ni saa saba. Flashi ya Goma ikichomekwa Nakivale, kompyuta huisoma saa sita kama saa sita ya Uganda. Na programu iliyoagizwa kuliacha faili lolote ambalo nakala yake ya huku ni mpya zaidi, hulitupa sahihisho la Goma, ambalo kwa kweli ndilo la mwisho, tena bila kutoa onyo lolote.

Ushahidi ulio imara ni maudhui yenyewe, yakifupishwa kuwa namba inayokokotolewa kutokana na kila baiti ya faili. Ubunifu wa Tridgell na Mackerras ulikuwa kuigawa nakala ya zamani katika vipande, kutuma namba za vipande hivyo tu kwa mtumaji, kisha mtumaji kuzitafuta ndani ya faili jipya akisogea baiti moja moja, ili zipite njiani zile sehemu tu zisizopatikana. Kwa mtu wa Rwekubo anayepeleka Mbarara ripoti iliyobadilika ukurasa mmoja kwa bando dogo, hesabu hiyo ina faida. Kwa flashi haina, kwani kusoma pande zote mbili kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kunakili upya, na rsync yenyewe, inaponakili ndani ya kompyuta moja, huiacha na kupeleka faili zima. Hata hivyo, kutambua kama faili ni lile lile ni jambo jingine: kwenye flashi iliyovuka mpaka kinachofaa ni kuiamuru programu ilinganishe namba za maudhui badala ya saa, hata kama betri ya laptopu italalamika. Na pale mafaili mawili yaliyosahihishwa kila moja upande wake yanapotofautiana, nakala zote mbili zihifadhiwe mpaka mwenye orodha azisome.