Nasaha za Mashine, Dhamana ya Nani?

Mwaka 2023 nchini Marekani, chama kinachosaidia wenye maradhi ya ulaji kililazimika kuizima Tessa, programu yake ya mazungumzo. Mwanamke aliyewahi kuugua maradhi hayo alishauriwa apunguze kalori 500 hadi 1,000 kwa siku. Kwa mgonjwa anayejinyima chakula, ushauri huo ni sumu.

Mshauri nasaha akikosea hivyo, anaweza kunyang'anywa leseni. Programu haina leseni, wala haina kiapo cha kutunza siri unazoiandikia usiku wa manane. Agosti 2025, jimbo la Illinois lilipiga marufuku tiba ya akili itolewayo na akili mnemba bila mtaalamu. Faini ni hadi dola 10,000.

Serikali zetu zisisubiri msiba. Anayeuza nasaha za mashine awajibike kisheria.